Nyumba Zetu: Pumzi ya Mashine ya Kukaushia Nguo



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya maji ya jikoni na mifereji yake, tukadhani kwamba mlango huo wa jiko tumekwisha kuufunga. Lakini imetufikia barua ya bibi mmoja wa kwetu akaaye Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani, nayo imetulazimisha kuufungua tena. Bibi huyu na mumewe wamenunua nyumba kuukuu, na sasa wanalivunja jiko lake walijenge upya. Mashine yao ya kukaushia nguo iko katika chumba cha chini ya ardhi, ngazi kumi na tatu kutoka jikoni. Yeye ana watoto wanne, na mavyaa wake mzee ambaye shuka zake hufuliwa kila siku, naye amechoka kupanda na kushuka na kapu la nguo mbichi kiunoni. Ametaka mashine ipandishwe jikoni, iwekwe kwenye ukuta wa ndani kando ya friji, na ifichwe kwa milango ya kabati ili wageni wasiione. Fundi wake amekubali. Bibi alipomwuliza hewa ya mashine itatokea wapi, fundi alimjibu kwamba pana nafasi tele kati ya dari ya jiko na sakafu ya juu. Bomba litaishia humo, wala hapana atakayeliona. Swali la bibi ni hili: je, jambo hili lafaa?

Twamjibu kabla ya kueleza: La, halifai. Asikubali hata kidogo. Na kama bomba limekwisha kuwekwa, basi na ling'olewe kabla dari haijazibwa.

Jibu hili tulimpelekea yeye kwa haraka, kwa kuwa mafundi walikuwa wakingojea kuziba dari. Lakini tumeona vema tulieleze na hapa, kwani ndugu zetu wengi waliohamia Marekani, Kanada na Uingereza wamo katika nyumba za namna hii, nasi tuliolelewa kwa kamba na jua hatukupata kufunzwa na wazee wetu mambo ya mashine hizi. Mama zetu waliujua upepo wa kusi na wa kaskazi, na saa ya kuanua nguo kabla mvua haijafika. Hawakuwa na haja ya kujua zaidi. Mwenye kuanika kambani, maji ya nguo zake hwenda zake hewani, wala haulizi yamekwenda wapi. Anayekausha ndani ya nyumba hana budi kuuliza.

Tuanze na kazi ya mashine yenyewe. Mashine ya kukaushia nguo, ile ya kawaida itumikayo Marekani, huivuta hewa ya chumba ilimokaa, huipasha moto kwa nyaya za umeme au kwa ndimi za gesi, huipitisha ndani ya pipa linalozungusha nguo, kisha feni yake huisukuma hewa hiyo nje kwa tundu lenye upana wa inchi 4, yaani sentimita 10. Hewa iliingia kavu. Inatoka imebeba maji. Nguo zenye uzito wa kilo 5 zikiwa kavu, zitokapo katika mashine ya kufulia zimekwisha kukamuliwa, bado zina maji ya lita 2 hadi 3. Maji hayo hayapotei. Kila kapu moja likaushwapo, ni kama mtu aliyechukua ndoo ndogo ya maji akaimimina mahali pale bomba linapoishia. Nyumba ikaushayo makapu 2 kwa siku, kwa juma moja imemimina lita 28 kwa uchache. Sasa msomaji na afikiri: lita 28 juu ya dari ya jiko, kila juma, na mbao zimefunikwa hazipati jua wala upepo!

Na hewa yenyewe si haba. Mashine nyingi husukuma kati ya futi za ujazo 100 na 200 kwa dakika moja. Tukichukua 150, katika dakika 45 mashine imetoa hewa ya kulijaza jiko la mita 4 kwa 4, lenye kimo cha mita 2 na nusu, zaidi ya mara nne. Kwa hivyo sisi twapenda kuiita mashine ya upepo kuliko kuiita mashine ya moto. Moto wake huonekana na kila mtu huuogopa. Upepo wake ndio unaosahauliwa, na ndio ufanyao kazi.

Jambo la tatu litokalo na hewa hiyo ni manyoya ya nguo: nyuzi laini zinazopukutika kila nguo inapozungushwa, mfano wa sufi itokayo katika tunda la msufi. Chujio la mashine hukamata sehemu kubwa, si zote. Zinazopita hwenda na hewa, na popote hewa inapopungua nguvu zao hutua. Na zikitua penye unyevu hunata, zikakauka, zikaja nyingine juu yake. Kila ajuaye sufi aijua tabia yake ikikutana na cheche.

Sisi wenyewe tuliyaona haya kwa macho yetu. Miaka kadha iliyopita tulialikwa chakula nyumbani kwa ndugu yetu mmoja, katika mji mwingine wa Marekani. Tulipokuwa tumeketi tuliona dari ya jiko imefanya madoa meusi kama ramani, na rangi yake imejikunja. Mwenye nyumba akasema kwamba amepaka rangi mara mbili na madoa hurudi. Mtoto wake mdogo alikuwa na pumu, na usiku kifua kilikuwa kikimbana. Tukamsihi aifungue dari. Alipoitoboa kwa bisibisi, ubao wa jipsamu ulikuwa mwororo kama mkate uliotiwa chai. Ndani mlikuwa na bomba la kukunjana, kinywa chake kimeelekea popote, na kulizunguka tandiko la manyoya lenye unene wa shubiri, lililolowa upande wa chini na kukauka upande wa juu. Misumari ilikuwa imeota kutu. Aliyeliweka bomba lile alikuwa amekwisha kulipwa, naye hakupatikana tena. Hatusemi kwamba pumu ya mtoto ilizaliwa na dari ile. Lakini imekwisha kuthibitika kwamba unyevu na kuvu huizidisha pumu, na baba yule hakungoja kuthibitishiwa zaidi.

Khabari ya moto tutaieleza kwa hesabu ya serikali yao. Idara ya Zimamoto ya Marekani ilitoa taarifa kwamba kati ya miaka 2008 na 2010, kila mwaka mioto ipatayo 2,900 katika nyumba za kukaa ilianzia kwenye mashine za kukaushia nguo. Watu 5 walikuwa wakifa kila mwaka, 100 wakijeruhiwa, na mali ya dola milioni 35 ikiteketea. Sababu iliyotangulia sababu nyingine zote ilikuwa kutosafisha, nayo ilikuwa 34 katika kila mia. Na bomba lililofichwa darini bila ya mlango wa kulifikia, nani atalisafisha?

Ikiwa mashine ni ya gesi, jambo huwa zito zaidi. Moshi wa gesi iliyoungua hutoka kwa bomba lile lile la hewa ya nguo, na ndani ya moshi huo yaweza kuwamo kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, iuayo watu usingizini. Madukani huuzwa kindoo cha plastiki kinachotiwa maji na kufungwa mwisho wa bomba, ili manyoya yakamatwe na hewa ibaki chumbani. Mwenye mashine ya gesi akikitumia kindoo hicho, ameileta sumu mezani pake. Na mwenye mashine ya umeme akikitumia, zile lita 2 hadi 3 amezibakisha nyumbani, ukutani na madirishani.

Basi njia iliyo sawa ni ipi?

Sharia za ujenzi zifuatwazo katika majimbo mengi ya Marekani zaeleza wazi. Bomba la hewa ya mashine hii sharti liende mpaka nje ya nyumba. Si darini, si chini ya sakafu, si ndani ya dohani. Liwe peke yake, lisiungwe na bomba jingine lolote. Twalitaja hili khasa kwa wenye kujenga jiko, kwa sababu mafundi wengine huona rahisi kuliunga na bomba la ile feni ivutayo moshi juu ya jiko. Feni ya jiko hutoa mvuke wenye mafuta. Mafuta yakikutana na manyoya hufanya gundi, na gundi hiyo huwaka. Aidha mashine moja ikifanya kazi nyingine imelala, hewa ya nguo hurudi ikatokea juu ya masufuria.

Bomba liwe la bati gumu, laini kwa ndani, lenye upana wa inchi 4 kutoka mwanzo hadi mwisho. Lile la plastiki halifai kabisa, na lile la kukunjana la karatasi ya alumini haliruhusiwi kupita ndani ya ukuta wala dari. Kipande kifupi cha kukunjana, kilichothibitishwa kwa kazi hiyo na kisichozidi futi 8, huruhusiwa kuiunga mashine na bomba lililo ukutani, nacho kiwe mahali panapoonekana. Vipande vya bati vikiunganishwa, ncha inayoingia ndani ya mwenziwe ielekee nje, kama vigae vya paa vinavyolaliana kuelekea chini, ili hewa isikute ukingo wa kukamatia manyoya. Kwa sababu hiyo hiyo parafujo ndefu zakatazwa: kila ncha ya parafujo inayotokeza ndani ya bomba ni mwiba wa kushika manyoya. Maungio na yazibwe kwa utepe wa alumini, si ule wa kitambaa ambao gundi yake hukauka kwa joto ukabanduka.

Sasa urefu, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Sharia yasema bomba lisizidi futi 35, yaani mita 10 na nusu hivi, kutoka pale linapounganishwa na kile kipande kifupi hadi kinywa chake cha nje. Na kila elbo kali ya pembe mraba huhesabiwa kama futi 5 za bomba, kwa kuwa hewa hugonga ukuta wa elbo ikapoteza nguvu. Elbo yenye mviringo mpana na laini huhesabiwa chini ya futi 2, na tofauti hiyo yastahili fedha zake. Ikiwa kitabu cha mashine kina kipimo chake, basi kifuatwe hicho kama sharia yao inavyoruhusu.

Tuliipima ramani ya bibi wetu wa Columbus kwa kipimo hiki. Kutoka kando ya friji, bomba lingepanda ukutani futi 8, kisha lingekwenda darini futi 24 hadi ukuta wa mbele. Hizo ni futi 32. Tukiongeza elbo 3 kali tunapata 47. Na tukiweka 3 za mviringo bado tunapita 35. Njia ya mkato ingekuwa kukatiza boriti na kutokea ubavuni, lakini haiwezekani pia. Boriti zake ni za inchi 10 kwa jina, na unene wake halisi wa kusimama ni inchi 9 na robo; sharia hairuhusu tundu lizidilo theluthi ya kimo cha boriti, yaani inchi 3 na kitu kidogo, ilhali bomba ni la inchi 4. Fundi atakayelitoboa tundu hilo ataipitisha hewa na kuidhoofisha sakafu ya chumba cha watoto. Tena ukuta wa kando ya friji una nguzo zenye unene wa inchi 3 na nusu tu. Bomba la inchi 4 halikai humo ila likibanwa, na bomba lililobanwa huwa si la inchi 4 tena.

Kwa hivyo si kwamba fundi alikuwa mtu mbaya. Alipewa kazi isiyowezekana, naye akaona aibu kusema haiwezekani, akaificha darini. Mwenye jiko huanza kwa rangi ya makabati, akaja kwenye jiwe la kaunta, kisha taa, na mwisho kabisa, makabati yakiwa yamekwisha kulipiwa, ndipo hukumbuka kwamba mashine ina pumzi. Yapasa kinyume chake: kwanza itafutwe njia fupi ya kwenda nje, kisha mashine ikae mwanzoni mwa njia hiyo, na makabati yaizunguke. Friji inaweza kukaa popote. Mashine ya kukaushia haiwezi.

Tukamshauri bibi aitazame pembe ya ukuta wa nje, upande wa sinki, ambako maji ya mashine ya kufulia pia yako karibu. Hapo pana dirisha, nalo si jambo dogo: kinywa cha bomba sharti kiwe mbali na dirisha, mlango au tundu lolote la nyumba kwa futi 3 au zaidi, la sivyo hewa yenye maji hurudi ndani dirisha likifunguliwa. Kwa bahati pembe ile iko mbali na dirisha. Bomba litatambaa nyuma ya mashine futi 4, na litatokea kwa elbo moja: jumla futi 9. Gharama yake ni kwamba bibi amepoteza kabati la masufuria makubwa, na hilo limemwuma. Alituandikia kwamba sufuria ya pilau sasa haina kwao.

Kinywa cha nje kiwekewe kilango kinachofunguka kwa nguvu ya hewa na kujifunga mashine inapozimwa, ili baridi na ndege wasiingie. Lakini wavu usiwekwe. Watu wengi huweka wavu kwa kuogopa panya, na katika miezi michache wavu huwa umevaa manyoya kama kofia. Katika nchi ya theluji kinywa kiinuliwe juu ya ardhi, inchi 12 kwa uchache na zaidi pale theluji inaporundikana. Na sehemu yoyote ya bomba ipitayo mahali pa baridi ifungwe vizuizi vya joto na iinamishwe kidogo kuelekea nje, maana mvuke ukikuta bati la baridi hugeuka maji.

Kuhusu ile milango ya kabati ambayo bibi ameitaka: hatuoni ubaya, ila akumbuke kwamba mashine inayotoa hewa yahitaji pia kuvuta hewa. Mashine iliyofungiwa kabatini bila ya tundu ni kama mtu aliyefungwa kitambaa usoni akaambiwa akimbie. Sharia yao yataka uwazi usiopungua inchi za mraba 100, kiasi cha sentimita 25 kwa 25. Milango yenye vipande vya mlalo kama shata za madirisha yetu ya pwani hutosha na hupendeza. Na nyuma ya mashine iachwe nafasi ya inchi 5 au 6, isije ikasukumwa ukutani ikalikanyaga bomba lake. Nyumba nyingi ambazo mashine "imeharibika" baada ya jiko jipya, hapana kilichoharibika ila kile kipande cha nyuma kilichobanwa siku makabati yalipowekwa.

Liko na jambo jingine ambalo bibi hakuliuliza, nasi hatukuweza kulinyamazia. Katika ramani yake ameandika feni kubwa ya kuvuta moshi, na katika chumba cha chini ya ardhi liko tangi la kuchemshia maji kwa gesi, la namna ya kizamani livutalo hewa ya nyumbani na kupandisha moshi wake dohanini. Feni ikivuta na mashine ikivuta, na madirisha yamefungwa kwa baridi, nyumba hupungukiwa na hewa, ikaitafuta popote. Na tundu lililo wazi kuliko yote ni dohani ya lile tangi. Hapo moshi ambao ungepanda huanza kushuka. Kwa nyumba zenye vyombo vya namna hiyo sharia yao yadai feni izidiyo futi za ujazo 400 kwa dakika iwekewe njia ya kuingiza hewa kutoka nje. Tumemwomba bibi achague feni ndogo, na aweke vile vifaa vinavyolia kaboni monoksidi inapozidi, katika kila tabaka la nyumba na karibu na vyumba vya kulala. Kazi ya umeme hatuigusi: mashine hizi zikiwa za umeme hutumia volti 240 na waya wake peke yake wa ampea 30, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Wako wasomaji watakaopima nyumba zao wakaona kwamba njia haipo kabisa, khasa wakaao katika maghorofa ya London au Leicester ambapo mpangaji hawezi kutoboa ukuta bila ya ruhusa ya mwenye jengo. Hao wasihangaike na mabomba. Ziko mashine zisizotoa hewa nje: huipoza hewa ndani yake, maji yakatona na kukusanyika katika kisanduku, au yakaenda kwenye mfereji wa sinki. Zilizo bora miongoni mwao hutumia pampu ya joto, mtambo kama wa friji uliogeuzwa, unaolichukua joto la hewa itokayo na kulirudisha kwa hewa iingiayo. Bei yake ni kubwa na kapu moja huchukua muda mrefu zaidi, pengine saa 2 au zaidi, lakini hutumia umeme mchache sana. Kwa mwenye jiko katikati ya nyumba, twaona ni heri mashine ya polepole kuliko bomba la futi 47. Hizo nazo zina machujio ya kusafishwa, wala mtu asidhani kwamba penye kukosa bomba pamekosa khatari: mwezi wa Agosti 2016 moto uliounguza makao ya watu katika jengo la Shepherd's Court, magharibi ya London, ulianzia katika mashine ya kukaushia nguo yenye kasoro. Wazimamoto wa London huwausia watu wasiiache mashine hii ikienda wakati wamelala au wametoka.

Mtu mmoja hapa ofisini alituuliza kwa nini tusimwambie bibi aanike nguo ndani, kambani, kama kwetu. Akiwa na chumba chenye dirisha, katika siku za kiangazi, na aanike; nguo hudumu zaidi. Lakini katika Januari ya Ohio dirisha halifunguki, na zile lita 2 hadi 3 za maji ni zile zile, ziwe zimetoka kambani au mashineni. Na baadhi ya mitaa ya Marekani ina masharti yanayokataza hata kamba ya nje, ati yaharibu sura ya mtaa. Jambo ambalo sisi watu wa kanga tulilisoma mara mbili kabla ya kuliamini. Wala kukausha jikoni si jambo jipya katika jimbo lile. Mwaka 1892 Mmarekani mmoja mweusi, George T. Sampson wa mji wa Dayton, alipata hataza ya fremu za kutundikia nguo karibu na jiko la moto, zinazowekwa wakati wa haja na kuondolewa baadaye. Mashine yake haikuhitaji bomba. Dirisha na nyufa za nyumba za wakati ule zilitosha.

Kwa vijana wa nyumbani, wa kiume na wa kike, tuna kazi mbili za kuwagawia, maana mama akipunguziwa ngazi asiongezewe jingine. Mmoja na asafishe chujio kila mara kabla ya kuwasha, si kila juma. Mwingine, mara moja kwa mwezi mashine ikiwa inakwenda, na atoke nje akiangalie kilango: kimefunguka wazi? akiweka kiganja, hewa yasukuma kwa nguvu? Kikiwa kinachungulia tu, au nguo zilizokuwa zikikauka kwa dakika 45 sasa zataka kurudiwa mara ya pili, au juu ya mashine pamekuwa pa moto kuliko desturi, basi bomba limeziba, na mashine izimwe mpaka lisafishwe. Hata kama halijaonyesha dalili, bomba lote lisuguliwe kwa brashi ndefu mara moja kwa mwaka. Bomba la futi 9 ni kazi ya nusu saa.

Barua ya pili ya bibi imetufikia tukiwa twaandika haya. Fundi alinuna siku moja, kisha akaja na msumeno wa mviringo akatoboa ukuta wa nje kwenye ile pembe. Na alipokishusha kile kipande cha bomba alichokwisha kukitia darini, alikuta ndani ya dari bomba jingine la zamani, la wenye nyumba wa kwanza, limeishia papo hapo na limejaa hadi kinywani. Mkaguzi wa mji amekwisha kuja, akaiona kazi kabla ya ukuta kuzibwa, na ametia sahihi. Mavyaa wake hukaa jikoni asubuhi akizikunja shuka zake mwenyewe. Bibi ametuuliza iwapo lile dari la kale, lililolowa kwa miaka, lapasa kuvunjwa lote au lakaushwa likabaki. Na kwa kuwa swali hilo lahitaji nafasi yake, tutalijibu mwezi ujao, inshaallah.